Dole Gumba la Mzee Ezironi

Nilistaafu mwezi wa sita. Wenzangu wa masjala waliniaga kwa keki, vitenge viwili na saa kubwa ya ukutani. Miaka yote niliyokuwa nikikimbizana na muda hawakunipa saa. Wamenipa sasa, nisipokuwa na pa kuwahi. Nimehamia Makambako kwa binti yangu, karibu na njia panda, ambako malori hupunguza mwendo mchana kutwa. Hapo nimepata nafasi ya kuandika yale niliyokuwa nikiwaahidi ninyi mnaobaki. Mishahara na vyeo sitavigusa. Mkoani Njombe tuna halmashauri kadhaa; niliyoitumikia siitaji, na kijiji nitakachokizungumzia nitakiita Bondeni tu.

Nilianza kazi mwezi wa saba, Njombe ikiwa kwenye ubaya wake. Mimi ni Mkinga wa Makete, baridi naijua tangu tumboni, lakini ukungu wa asubuhi ile ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ngazi za ofisi, na mlango wa masjala niliupata kwa kupapasa. Aliyenifungulia alikuwa Mzee Ezironi, mkuu wa masjala, Mbena wa Yakobi. Alivaa koti la sufu, na miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi.

"Kamwene," akasema. "Wewe ndiye Mkinga tuliyeletewa?"

"Kamwene, Mzee. Ndiye mimi."

"Mkinga asiye na duka, na ninyi wote ni wafanyabiashara! Makubwa haya. Ingia ufunge mlango, ukungu unaharibu karatasi."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alinionyesha kufunga kamba ya jalada isiyolegea na isiyochana. Alinionyesha kuandika folio, ile namba ya wino mwekundu tunayoiweka pembeni juu ya kila karatasi inayoingia kwenye jalada, ili ikichomolewa namba iruke na mtu aulize. Alinionyesha kitabu cha kupelekea majalada, ambacho kila anayepokea ni lazima asaini, awe mhudumu au awe bwana mkubwa. "Mtu anaweza kukana alichosema," alikuwa akiniambia, "lakini saini yake ya kupokea ataikana kwa shida." Nikikosea, hakunigombeza. Alinirudishia jalada tu, nami nikafungua kamba na kuanza upya.

Dole gumba la mkono wake wa kulia lilipasuliwa na nyengo, lile panga la kupinda, ujanani, alipokuwa akifyeka shamba la miti la baba yake. Kovu lilikatiza mshazari kutoka pembe moja hadi nyingine, na katikati ya nyama palibaki kishimo. Kwa dole hilo alikuwa akifunua karatasi haraka kuliko sote. Vijana wa idara ya ardhi walimtania kwamba kishimo kile ndicho kinachonyonya karatasi.

Mwenyekiti wa halmashauri wa wakati huo alikuwa mtu wa kupendeka. Sitaki mdhani kwamba wala rushwa wana pembe. Alicheka mpaka madirisha yakatetemeka, aliyajua majina ya watoto wetu, na akipita soko la mtaa wa Ramadhani kina mama waliwaacha wateja wao wakimbilie kumsalimu. Kanisa lililokosa bati lilipata bati. Ila mhudumu wake alikuwa akija kuchukua majalada yakiwa membamba, na baada ya siku chache yanarudi yamenenepa. Nilimuuliza Mzee Ezironi karatasi zile mpya zimetoka wapi.

"Mama Faraja," akaniambia bila kuinua macho, "masjala si mahakama. Sisi tunapokea."

Alizipa folio, akafunga kamba. Nami nikajifunza kupokea.

Mzee alistaafu, akarudi Yakobi kulima viazi, na mimi nikakaa kwenye kiti chake. Baada ya miaka mitatu tukasikia anaumwa figo, kisha tukasikia amefariki. Tulikwenda ofisi nzima. Ilipofika zamu yangu ya kutoa heshima za mwisho, niliona mikono yake imelazwa kifuani, na dole gumba la kulia lilikuwa la zambarau. Ulikuwa wino wa pedi ya mhuri, naujua. Waliomwosha walikuwa wamejitahidi, lakini wino ule ukishaingia kwenye kovu hautoki kwa sabuni. Nikasimama pale nikijiuliza mtu aliyeiacha ofisi miaka mitatu, tena mgonjwa wa kitandani, alikuwa akigonga nini. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, mtu akanigusa bega, nikasogea.

Miezi michache ikapita, mhudumu wa mwenyekiti akaniletea karatasi za kuingiza kwenye jalada la Bondeni. Ulikuwa muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Wanakijiji, ulisema, wamekubali kwa kauli moja kulitoa bonde lao kwa mwekezaji wa parachichi. Nyuma yake zilikuwepo karatasi nne za mahudhurio, kila moja mistari ishirini na mitano. Wanakijiji mia moja walikuwa wameweka dole gumba, na hakukuwa na hata mmoja aliyeandika saini. Nikajisemea, shule ya msingi ya Bondeni inafundisha nini miaka yote hii?

Ndipo nikaliona kovu. Nilikwenda kuazima lenzi kwa watu wa ramani, nikafunga mlango, nikapitisha mstari kwa mstari. Zakaria, kovu la mshazari na kishimo katikati. Upendo, kovu na kishimo. Yeremia, Rehema, Zawadi, hivyo hivyo mpaka mstari wa mia. Nikarudi kwenye tarehe ya mkutano. Ulikuwa umefanyika majuma saba baada ya sisi kumfukia Mzee Ezironi.

Niliogopa. Ilikuwa saa nne asubuhi, watu wanapiga soga koridoni, lakini ukungu ulikuwa umejaa dirishani na nilihisi kuna mtu amesimama nyuma ya kiti changu akisubiri nimalize kusoma. Nililifunga jalada kwa rula kwa sababu sikutaka kuligusa. Mimi ni Mlutheri, naamini ufufuo wa wafu, lakini sikufundishwa kwamba mtu atafufuliwa ili akapitishe ajenda.

Halafu, na hili niliandike waziwazi, nilizipa karatasi zile folio. Thelathini na saba mpaka arobaini na moja, wino mwekundu. Nikafunga kamba.

Kwa asiyeijua nchi yetu, nieleze bonde ni nini. Kule chini kwenye unyevu, kina mama wanalima vinyungu, vile vibustani vya kiangazi, mlimani kukiwa kumekauka. Viazi, maharage na mahindi mabichi ya kuvukia mpaka mavuno vinatoka huko. Kijiji kikinyang'anywa mlima kinaweza kuishi. Kikinyang'anywa bonde, watu wanahama.

Mama Tulizo alifika kaunta yangu mwezi wa nane, viatu vimejaa udongo mweusi wa kinyunguni. Alikuwa mjane wa makamo, mnyoofu, mwenye sauti ya kwaya.

"Shikamoo dada. Wamekuja watu wamepanda mawe ya mpaka katikati ya viazi vyangu. Wanasema tulikubali wenyewe kwenye mkutano. Mkutano upi?"

"Marahaba, mama. Hukuhudhuria?"

"Hakuna aliyehudhuria. Haukuwepo. Mwenyekiti wa kijiji ananiambia jina langu limo na dole nimeweka. Dada, mimi nafundisha shule ya Jumapili. Niweke dole, nina ugonjwa gani wa mkono?"

Utaratibu hauruhusu mwananchi kuonyeshwa jalada. Ninyi mnaujua, na mimi ndiye niliyewafundisha. Nikaenda rafuni, nikalileta jalada la Bondeni, nikalilaza kaunta likiwa wazi, limemwelekea yeye. Kisha nikamwambia nakwenda kuchemsha chai, na birika letu linachelewa sana kuchemka.

Niliporudi alikuwa analia bila sauti, kidole kimesimama kwenye mstari mmoja.

"Huyu ni mume wangu," akasema. "Huyu nimemzika. Na aliyepo chini yake ni mimi. Dole ni moja, dada. Wametuwekea dole moja, mimi na marehemu."

Nikamwambia ni dole la marehemu mwingine. Nadhani hilo lilimtisha zaidi, kwa sababu alichukua mkoba wake akaondoka bila kunywa chai.

Hakukaa kimya. Alikwenda kwa diwani wake, diwani akawaambia wenzake, na ikajulikana kwamba Bondeni si kijiji pekee. Baraza la madiwani likachafuka. Kura ya kutokuwa na imani ikapigwa mchana kweupe, na mwenyekiti wetu mwenye kicheko akashuka zile ngazi akiwa peke yake. Kina mama walipiga vigelegele uwanjani. Mimi mwenyewe nilipiga, na mimi si mtu wa vigelegele.

Aliyechaguliwa tulimwita Mwalimu, maana alifundisha zamani kabla ya siasa. Hakuwa na makuu. Alivaa sweta lililochakaa viwiko, na juma lake la kwanza alikuja masjala kwa miguu yake, jambo ambalo mwenyekiti mwingine yeyote hakuwahi kulifanya. Nikamweleza yote, kovu, tarehe ya mazishi, wino kwenye dole. Alinisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mama Faraja, Mungu akubariki. Nipe hilo jalada, nitalishughulikia."

Akasaini kitabu kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Nilikwenda nyumbani nikalala usingizi wa mtoto.

Jalada lilirudi baada ya wiki tatu. Limenenepa. Ndani kulikuwa na muhtasari mpya: mkutano wa kwanza wa kijiji umebatilishwa kwa dosari, mkutano wa pili umefanyika, na wanakijiji wamelitoa bonde kwa mwekezaji mwenye jina jipya. Karatasi nne za mahudhurio zilikuwa nyuma yake. Sikuhitaji lenzi. Mzee Ezironi, mwaka mzima na zaidi akiwa ardhini, alikuwa amehudhuria tena.

Jumamosi ile nilipanda bodaboda mpaka Yakobi kwa mjane wake. Tulikaa jikoni tukimenya viazi, na nilimuuliza moja kwa moja. Hakushtuka. Nafikiri alikuwa akimsubiri mtu wa kumuuliza.

"Walikuja siku tatu mfululizo," akasema. "Watu wa ofisini kwenu, na boksi la karatasi zenye mistari mitupu. Hakuna jina, hakuna kijiji. Walimwinua kwenye mito, mmoja anashika pedi, mmoja anasogeza karatasi. Alisema dole moja linachosha kuliko jembe."

"Kwa nini alikubali, mama?"

"Gari la kumpeleka hospitali lilikuwa la kwao. Ungefanyaje wewe?" Akatupa kiazi kwenye maji. "Alisema, nitakuwa nimekufa, hawatanifanya kitu. Hakufikiria watamfanyisha nini yeye."

"Karatasi zilikuwa ngapi?"

"Boksi zima, mwanangu. Walilibeba wawili."

Nilirudi mjini nikiyatazama mabonde ya njiani, nikijiuliza lipi limeshaandikwa na lipi linasubiri. Mzee wangu aliyenifundisha folio alikuwa amekaa kwenye kabati la mtu fulani, mistari mitupu, anasubiri aitwe mkutanoni. Nilimlilia siku hiyo kuliko nilivyomlilia msibani.

Jumatatu Mwalimu akaniita. Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba taa ya ofisi yake iliwaka saa tatu asubuhi. Alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe, akaniuliza habari za binti yangu, akaniuliza nimebakiza muda gani kustaafu. Alijua. Kisha akaniambia, kama mtu anayelalamikia ukarabati, kwamba dari la ofisi linavuja, na boksi alilolikuta kabatini limelowa, karatasi zilizobaki zimeota ukungu.

"Zile nne zilikuwa za mwisho zinazosomeka," akasema. "Nawe unaujua mzigo wenyewe, Mama. Sitaki kumwingiza mtu mgeni."

Mezani palikuwa na rimu moja ya karatasi zilizopigwa mistari, na pedi ya zambarau imeshafunguliwa.

Mngependa niwaambie kwamba nilisimama nikamkemea kwa jina la Bwana. Sikusimama. Nilifikiria kiinua mgongo changu, nikafikiria binti yangu na wajukuu, na mkono wangu ukaenda kwenye pedi wenyewe. Wino ulikuwa baridi. Niliipiga dole karatasi ya kwanza mistari yote ishirini na mitano, na Mwalimu akanisogezea kwa upole, anaipuliza ikauke.

"Usiharakishe, Mama," akasema. "Za Mzee Ezironi zilikuwa zinasomeka vizuri zaidi."

Sauti yake haikuwa na ubaya wowote, na hicho ndicho kilichonizindua. Niliona kitanda cha Yakobi, niliona mito, nikajiona mimi. Nikamwambia mkono unatetemeka kwa baridi, nitakwenda kumalizia masjala kwenye hita. Akakubali. Niliibeba rimu kifuani. Ile karatasi moja nilipotaka kuichukua, aliweka kiganja chake juu yake.

"Hii iache ikauke," akasema.

Nikaiacha. Nilikuwa na haraka ya kutoka mlangoni.

Masjala nilifunga mlango, nikatoa kalamu nyekundu. Nilifanya kazi ninayoijua. Kila karatasi tupu niliipa folio, nikapiga mhuri wa tarehe ya kupokelewa, nikaandika katikati ya mistari kwa herufi kubwa: TUPU. Karatasi mia nne tisini na tisa. Nilianza Jumatatu, nikamaliza Jumatano mchana, na mkono wangu mpaka leo ukikaza huwa nauambia ulijitakia. Nilizifunga zote kwenye jalada la Bondeni, majuzuu matatu. Juu nikaweka dokezo: karatasi hizi zimeletwa na Ofisi ya Mwenyekiti ili ziwekwe madole gumba ya wanakijiji wasiokuwepo, na moja imebaki kwa Mwenyekiti ikiwa na madole yangu mimi, mtunza kumbukumbu. Nikapeleka kwa Mkurugenzi kwa kitabu, nakala kwa watu wa kuzuia rushwa kwa kitabu, nakala kwa mkuu wa wilaya kwa kitabu. Wote walisaini kupokea kabla ya kujua wamepokea nini.

Kulikuwa na kelele, na mimi nilihojiwa siku mbili nikinywa maji ya chupa. Niliandikiwa onyo kali. Mwalimu alijiuzulu kwa sababu za kiafya, ugonjwa ambao siasa zetu hazijawahi kuupatia dawa. Mkutano wa Bondeni ukafanyika kweli, juani, uwanja wa shule, na nilikwenda kuutazama. Mama Tulizo alisaini jina lake kamili kwa herufi za kuunganisha, taratibu, watu nyuma wakinung'unika kwamba anajaza karatasi. Mawe ya mpaka yaling'olewa. Mwaka huu aliniletea debe la viazi vya kinyunguni, akanywa na chai.

Lakini ile karatasi moja haikupatikana. Waliomhoji Mwalimu walisema anasema haikuwahi kuwepo. Ofisi ilipekuliwa, nami nikapewa ruhusa ya kupekua, nikapekua mpaka chini ya zulia. Sasa yupo mwenyekiti wa tatu, kijana, ana heshima, na sina la kumdhania. Ila makabati ni yale yale, na yeye hakuja na funguo zake.

Ndiyo maana nawaandikia, si kwa sababu ya keki. Hapa chini nimeweka dole gumba langu la kulia, kwa wino wa zambarau, mara tatu ili lisomeke vizuri. Likateni, libandikeni kwa ndani ya mlango wa masjala mnapolining'iniza koti. Ikija siku karatasi ya mahudhurio ya Bondeni, au ya bonde lolote, ina watu ishirini na watano na hakuna aliyesaini, chukueni lenzi mlinganishe. Mkikuta ni mimi, msiipe folio. Hata kama mtakuwa mmeshanizika, na hata aliyeileta akiwa mtu mnayempenda, andikeni kwenye dokezo kwamba Mama Faraja hakuwepo.